Kuchagua na kufunga kemshafti kwenye injini ya pikipiki ya zamani iliyoboreshwa: mwongozo kamili

Mashindano ya motokrosi ya Garuga, hapa Uganda, yakikaribia, maswali yanayofika gereji ni yale yale. Silinda imepanuliwa, pistoni kubwa imeingia, kabureta imebadilishwa, kisha kemshafti "ya moto" (mhimili wenye nundu zinazofungua valvu) imeagizwa kutoka Uingereza. Injini inawaka, lakini haivuti mpaka ipige kelele za mwisho. Au valvu inagonga pistoni siku ya kwanza, na hedi inarudi mezani.

Mara nyingi kemshafti yenyewe haina kosa. Ilichaguliwa kwa sababu ni kubwa, ikafungwa kwa kufuata kitone cha gia (alama ya kiwandani), na hakuna aliyepima kitu.

Mwongozo huu ni wa injini za silinda moja za mipigo minne, zenye kemshafti juu ya hedi na valvu mbili: Yamaha XT500 na SR500, Honda XL125 na XL185, na ndugu zao. Honda CG125 ni habari nyingine, maana kemshafti yake iko chini na inasukuma valvu kwa fimbo. Hesabu ni zile zile, ila ufungaji ni tofauti. Mwenye Yamaha AG100 au DT ya mipigo miwili asihangaike kusoma. Injini yake haina kemshafti.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

Usifungue hata boliti moja kabla ya kuwa na hivi:

- Kemshafti pamoja na kadi yake ya vipimo. Bila kadi, usinunue.
- Roka mpya (mikono inayosukuma valvu), au zilizosagwa upya na kusawazishwa uso.
- Springi za valvu zinazolingana na kemshafti hiyo.
- Cheni mpya ya taimingi (inayozungusha kemshafti kutoka kwenye krenki), na reli zake kama zimechimbika.
- Gasketi za hedi na za chini ya silinda, pamoja na oringi zote.
- Diski ya digrii na kipande cha waya cha kuonyesha namba.
- Geji ya saa yenye kishikio chake, fila geji na kalipa.
- Kizuizi cha pistoni.
- Springi mbili laini za kupimia. Hata za duka la vyuma zinatosha.
- Plastisini ya watoto na wembe.
- Spana ya torki inayosoma vizuri kwenye namba ndogo.
- Pasti ya molibdenamu ya kupaka kemshafti, gundi ya nyuzi, na oili ya madini iliyoandikwa JASO MA.

Diski ya digrii unaweza kuichapisha kwenye karatasi na kuibandika juu ya bati la alumini. Ifanye iwe na kipenyo cha sentimita 20 au zaidi. Kwa ukubwa huo digrii moja inachukua karibu milimita 1.75 pembeni, kwa hiyo jicho linaisoma bila kubahatisha. Ndogo kama sahani ya kikombe itakudanganya.

Kizuizi cha pistoni kinatengenezwa kwa plagi ya zamani. Toa kauri yote, choma boliti ya milimita 8 katikati, kisha usage ncha yake iwe mviringo. Fundi yeyote wa leithi pale Katwe, Kampala, ataelewa ukimwonyesha plagi na kumwambia unataka kuizuia pistoni.

## Kuchagua: soma kadi kabla ya kutoa pesa

Kadi ina namba nyingi, lakini zinazoamua ni tatu.

Muda wa kufunguka. Hupimwa kwa digrii za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni). Chukua digrii ambazo valvu ya kuingiza inafunguka kabla ya pistoni kufika juu, ongeza 180, ongeza digrii inazofunga baada ya pistoni kufika chini. Kemshafti inayofungua 30 kabla ya juu na kufunga 60 baada ya chini ina muda wa digrii 270.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Muuzaji mmoja anapima tangu valvu inapoanza tu kusogea. Mwingine anaanza kuhesabu valvu ikishainuka milimita 1, na Wamarekani wengi hutumia milimita 1.27. Kemshafti ile ile inaweza kuitwa 270 kwa mmoja na 230 kwa mwingine. Usilinganishe kadi mbili kabla ya kujua kila moja ilipimwa kuanzia wapi.

Kimo cha kufunguka. Ni kimo cha nundu ukizidisha na uwiano wa roka, ukitoa nafasi ya tapeti (uwazi kati ya roka na ncha ya valvu). Namba hii ndiyo inayogombana na springi na pistoni.

Kitovu cha nundu. Gawanya muda kwa mbili, toa digrii za kufungua. Kwa mfano wetu: 135 kutoa 30 ni 105. Yaani valvu ya kuingiza inafika kilele digrii 105 baada ya pistoni kuwa juu. Namba hii ishike vizuri; ndiyo tutakayoitafuta kwenye hatua ya 4.

Sasa, ukubwa gani? Kwa digrii zilizopimwa tangu valvu inapoanza kusogea, 240 hadi 260 ni za barabara na mizigo. Kuanzia 260 hadi 275 ni za mtu anayekwenda kazini siku za wiki na kucheza Jumapili. Kuanzia 280 kwenda juu ni za mashindano, na hapo mzunguko wa chini utakuwa dhaifu tu, utake usitake.

Sababu ni kwamba kemshafti ndefu huchelewa kufunga valvu ya kuingiza. Kwenye mzunguko wa juu hewa ina kasi, kwa hiyo inaendelea kuingia hata pistoni ikianza kupanda. Kwenye mzunguko wa chini haina kasi hiyo, na pistoni inairudisha hadi kwenye kabureta. Mgandamizo halisi unashuka.

Na sisi tuko juu. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa takriban asilimia 13 kuliko Mombasa. Kabale, karibu mita 2,000, hewa imepungua kwa takriban moja ya tano. Mapendekezo mengi yaliyoandikwa kwenye kadi yanatoka nchi ambazo barabara zake ziko karibu na usawa wa bahari. Injini yako tayari inapumua kidogo. Ukiongeza kemshafti inayorudisha hewa nje, unapoteza mara mbili. Ndiyo maana ushauri wangu ni kushuka daraja moja chini ya kile muuzaji anachokusukumia. Kwa pikipiki ya kupita Jinja Road saa ya msongamano, mimi nisingevuka 265.

Tazama pia mgandamizo wa injini. Kemshafti ya 270 inaishi vizuri na uwiano wa 9 hadi 10 kwa 1. Ya 300 inataka zaidi ya 10.5, na ukifika huko petroli ya kituo cha kawaida inaanza kuleta milio ya kugonga. Kama pistoni bado ni ya kiwandani, kabureta ni ya kiwandani na ekzosi ni ile ile, nunua kemshafti ndogo, na pesa iliyobaki itumie kwenye hedi.

Neno kuhusu kemshafti za kusagwa upya. Si mbaya, ila nundu ikisagwa, duara la chini nalo linapungua, na boliti ya tapeti inabidi itoke zaidi kufidia. Muulize msagaji kama uso ulitiwa ugumu tena. Nundu laini hulika ndani ya wiki chache, na unga wake wa chuma unapita kwenye pampu ya oili.

## Hatua ya 1: Fungua na ukague

Safisha nje kwanza kwa mafuta ya taa, maana vumbi jekundu likiingia ndani ya injini iliyofunguliwa linafanya kazi ya msasa. Toa plagi, kifuniko cha roka, kibana cheni, gia ya juu, kemshafti, kisha hedi.

Funga cheni ya taimingi kwa waya kabla ya kuiachia. Ikidondoka ndani utatumia saa nzima kuivua.

Angalia mahali kemshafti inapokaa. Kwenye XT500 na SR500 inazunguka juu ya beringi za gololi; zizungushe kwa kidole, zikikwaruza badilisha. Kwenye Honda ndogo za zamani kemshafti inazunguka moja kwa moja kwenye alumini ya hedi. Hapo ukiona mikwaruzo inayoshika ukucha, kemshafti mpya haitasaidia mpaka hedi irekebishwe.

Roka za zamani usizirudishe na kemshafti mpya bila kusawazisha uso. Shimo dogo kwenye roka litachimba nundu mpya kabla hata hujamaliza kulipa deni lake.

Kama platini za moto au kebo ya geji ya mizunguko zinaendeshwa na ncha ya kemshafti, linganisha ncha ya zamani na mpya sasa hivi. Baadhi ya kemshafti za mbio hazina pini au meno hayo.

## Hatua ya 2: Pima springi

Pima urefu wa springi ikiwa imefungwa kwenye hedi, valvu ikiwa imefunga. Kisha ibane kwenye vaisi, ukiwa na kalipa, hadi mizunguko yake igusane.

Tuseme imefungwa ina milimita 38 na ikigusana ina 26.5. Ina safari ya 11.5. Kemshafti ikiinua valvu milimita 10, inabaki 1.5, na hiyo ni salama. Chini ya 1 usiendelee, maana springi ikigusana roka inavunjika au nundu inachubuka.

Pima pia kutoka chini ya sahani ya springi hadi juu ya sili ya valvu. Valvu ikiinuka kikamilifu, pabaki angalau milimita 1. Kama hapabaki, bomba la valvu likatwe juu kidogo na fundi wa leithi.

## Hatua ya 3: Funga kwa majaribio

Weka zile springi laini badala ya springi halisi. Paka kemshafti oili ya kawaida tu. Pasti ya molibdenamu ni ya mwisho. Funga hedi na gasketi utakayotumia kweli au ya zamani yenye unene ule ule uliokandamizwa. Kaza kwa torki ya kitabu.

Weka pistoni juu kwa alama ya rota na kitone cha gia mahali pake. Kwa sasa kitone ni mahali pa kuanzia, hakuna zaidi.

Kuna sababu mbili za kutokiamini. Ya kwanza: hedi ikisagwa chini au gasketi ikiwa nyembamba, kemshafti inasogea karibu na krenki, kibana cheni kinavuta ulegevu upande wake, na kemshafti inachelewa. Injini "iliyoboreshwa" karibu zote zimefanyiwa hivyo. Ya pili: cheni iliyovutika inafanya vile vile.

Usidhani utasahihisha kwa kuruka jino moja. Gia ya juu yenye meno 36 ikirukwa jino moja, taimingi inahama digrii 20 za krenki. Hapo valvu na pistoni zinakutana.

## Hatua ya 4: Tafuta nukta ya juu halisi, kisha kitovu

Funga diski ya digrii kwenye ncha ya krenki, na waya wa kuonyesha ukiwa umebanwa imara kwenye boliti ya injini. Weka sifuri kwa kukadiria.

Shusha pistoni, funga kizuizi kwenye tundu la plagi. Zungusha krenki polepole kwa spana hadi pistoni iguse kizuizi, andika namba. Zungusha upande wa pili hadi iguse tena, andika. Ukisikia kitu kinagusa mapema isivyo kawaida, simama. Huenda valvu imekutana na kizuizi, na kitahitaji kufupishwa.

Namba mbili zikiwa 24 kabla na 30 baada, waya wako umekosea digrii 3. Upinde mpaka pande zote zisome 27. Sasa sifuri ni sifuri kweli. Toa kizuizi. Kuanzia hapa usiguse waya wala diski. Waya ukigongwa na mpita njia, rudia.

Weka ncha ya geji ya saa juu ya sahani ya springi ya valvu ya kuingiza, ikiwa sambamba na shina la valvu. Ikiinama, inadanganya. Nafasi ya tapeti iwe ile ya kadi.

Zungusha krenki kwa upande ambao injini huzunguka hadi valvu ifike kilele, na weka geji sifuri. Rudisha nyuma robo mzunguko, kisha njoo mbele polepole hadi geji isome milimita 0.5 kabla ya kilele. Andika digrii. Endelea mbele, pita kilele, hadi ishuke 0.5. Andika. Kuja mbele siku zote ni muhimu kwa sababu kunaondoa ulegevu wa cheni.

Tuseme umepata 85 na 129. Jumlisha, gawa kwa mbili: 107. Kadi inataka 105. Kemshafti imechelewa digrii 2.

Ili kuisahihisha, matundu ya gia yarefushwe kwa tupa nyembamba, au ununue gia yenye matundu marefu tayari. Legeza boliti, sogeza kemshafti mbele kidogo sana (digrii 2 za krenki ni digrii 1 tu ya kemshafti), kaza, pima tena. Rudia mpaka namba ikubali.

Kwa pikipiki ya huku kwetu, ukikosea digrii moja au mbili, kosea upande wa kuwahi. Kuwahisha kunafunga valvu ya kuingiza mapema na kurudisha nguvu za chini, zile unazozihitaji kupanda Muyenga na abiria nyuma.

Umefanikiwa ikiwa: vipimo vitatu mfululizo vinatoa kitovu kile kile, ndani ya digrii moja ya kadi.

## Hatua ya 5: Nafasi kati ya valvu na pistoni

Hii ndiyo hatua inayorukwa na ndiyo inayovunja injini. Taimingi lazima iwe imeshawekwa, kwa sababu ukihamisha kemshafti, nafasi nayo inahama.

Hatari haiko pale pistoni ilipo juu kabisa. Kwa valvu ya kuingiza ni karibu digrii 10 baada ya juu, valvu inapoifukuza pistoni. Kwa ya kutoa ni karibu digrii 10 kabla ya juu, pistoni inapoifukuza valvu.

Kwa kuwa umeweka springi laini, kazi ni rahisi. Weka krenki digrii 10 baada ya juu, mwishoni mwa mpigo wa kutoa moshi. Geji sifuri juu ya valvu ya kuingiza. Sukuma valvu kwa kidole gumba hadi iguse pistoni. Geji inakupa nafasi yako. Rudia kila digrii 2, kutoka 4 hadi 16, na chukua namba ndogo kuliko zote. Fanya hivyo hivyo kwa valvu ya kutoa, kabla ya juu.

Kima cha chini ninachokubali: milimita 1.5 kwa kuingiza, milimita 2 kwa kutoa. Ya kutoa inahitaji zaidi kwa sababu inapata moto na kurefuka, na springi ikichoka ndiyo inayobaki nyuma.

Kisha plastisini, kwa ajili ya pembeni ambako geji haioni. Toa hedi, bandika kipande cha unene wa milimita 6 kwenye kila mfuko wa pistoni (shimo la kupisha valvu), paka valvu oili zisinate. Funga hedi, zungusha krenki mizunguko miwili kamili kwa mkono, fungua. Kata plastisini kwa wembe na pima mahali pembamba zaidi. Ukingo wa valvu uwe na angalau milimita 1 pembeni.

Kwenye hedi ya chumba cha mviringo, angalia pia valvu kwa valvu. Pistoni ikiwa juu mwishoni mwa mpigo wa kutoa, zote mbili zimefunguka kidogo na zinaelekeana. Kipande cha waya cha milimita 1.5 kipite katikati yao.

Nafasi ikikosekana, chaguo ni mbili za maana: kuchimba mifuko ya pistoni zaidi, bila kuacha unene wa chini ya milimita 4 chini ya mfuko, au kurudisha kemshafti na kuchukua ndogo. Gasketi nene ya chini ya silinda inasaidia kidogo, lakini inashusha mgandamizo na kuhamisha taimingi, na utarudi hatua ya 4. Kusema "nitakuwa siipigi sana" si kipimo.

## Hatua ya 6: Kufunga kwa mwisho

Rudisha springi halisi. Paka wino wa maka pen kwenye ncha za valvu, zungusha injini mara kadhaa, tazama roka inafuta wapi. Alama iwe karibu na katikati. Ikiwa ukingoni, bomba la valvu litalika upande mmoja.

Safisha, kausha, paka pasti ya molibdenamu kwenye kila nundu na kila uso wa roka. Mahali pa kuzungukia paka oili safi. Oringi zote ziwe mpya, hasa ile ya njia ya oili kwenda hedi. Ikisahaulika, hedi yote inakaa kavu.

Boliti za gia ya juu zipate gundi ya nyuzi na torki ya kitabu. Boliti za milimita 6 kwenye alumini hukazwa kwa 10 hadi 12 Nm tu. Mkono wa fundi aliyezoea magari ya mizigo utazing'oa.

Weka tapeti kwa namba ya kadi ya kemshafti, si ya kitabu cha pikipiki. Zungusha kwa mkono mizunguko miwili. Ikikwama popote, usilazimishe.

## Hatua ya 7: Kuwasha mara ya kwanza

Dakika 20 za kwanza ndizo zinazoamua maisha ya nundu. Kwenye mwendo wa kusimama, mzigo wa springi juu ya nundu ni mkubwa na oili inayorushwa ni kidogo.

Mwagia oili juu ya roka na kwenye vibwawa vya hedi. Bila plagi, piga kiki mpaka oili ionekane juu. Kwenye XT500, ambayo huhifadhi oili yake ndani ya fremu, legeza boliti ya bomba la oili pale hedi na usubiri itoke kabla ya kukaza.

Hakikisha taimingi ya moto na petroli viko tayari, ili iwake haraka. Kupiga kiki mara hamsini kunafuta pasti yote.

Ikiwaka, ipandishe mara moja hadi mizunguko 2,000 au 2,500 kwa dakika na uichezeshe hapo. Usiiache ishuke. Injini hizi zinapozwa kwa hewa, na pikipiki iliyosimama gereji haina upepo, kwa hiyo weka feni kubwa mbele yake. Bila feni, gawa kazi vipindi vya dakika tano na uiache ipoe kati.

Zima, iache ipoe usiku kucha, mwaga oili. Kidogo cha unga wa kijivu ni kawaida. Vipande vinavyong'aa na kushikwa na sumaku si kawaida. Fungua kifuniko utazame nundu.

Oili ya JASO MA inatajwa kwa sababu ya klachi, ambayo kwenye pikipiki nyingi inaogelea humo humo. Oili ya gari yenye dawa ya kupunguza msuguano itaifanya klachi iteleze, na utadhani kemshafti haina nguvu.

## Hatua ya 8: Kabureta na barabara

Kemshafti ndefu inataka slo (mizunguko ya injini bila kuvuta gesi) ipandishwe, kutoka 1,200 hadi karibu 1,500, kwa sababu valvu zote mbili zinakaa wazi kwa pamoja muda mrefu zaidi. Mtetemo kidogo kwenye slo ni wa kawaida.

Jeti irekebishwe hapo unapoendeshea. Pikipiki iliyosetiwa Kampala ikipelekwa Kabale itakuwa na petroli nyingi mno, plagi itakuwa nyeusi. Tafuta rangi ya kahawia isiyokolea baada ya kukimbia kwa kishindo na kuzima ghafla.

Umefanikiwa ikiwa: inawaka kwa kiki moja au mbili ikiwa ya moto, inavuta bila kukwama kuanzia mizunguko 3,000, haina mlio wa chuma juu ya hedi, na kabureta haitemi petroli nyuma. Ikitema na kudhoofika chini, rudi kwenye kitovu kabla ya kubadilisha jeti. Kemshafti iliyochelewa hufanana sana na jeti mbaya, na watu humaliza droo nzima ya jeti wakitafuta.

Baada ya kilomita 500, injini ikiwa baridi, pima tapeti tena. Zikibana au kulegea kwa zaidi ya milimita 0.05, pima tena baada ya kilomita 200. Zikiendelea kulegea, nundu inalika. Zikiendelea kubana, valvu inazama kwenye kiti chake, na hiyo ni kazi ya hedi.